Shangazi, nilijua kwa nini bibi hamezi dawa, nikanyamaza

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mi ni binti, niko mwaka wa nne udaktari, chuo sikitaji. Hii barua nimeiandika mara tatu nikafuta, leo naituma hivi hivi ilivyo.

Toka sekondari napenda kuandika mashairi, nilikuwa naghani kwenye mahafali, mwalimu wa Kiswahili alitaka nichukue HKL, mchepuo wa lugha, ila baba akasema wewe una kichwa cha sayansi, nikaenda PCB. Sijutii, udaktari naupenda kweli. Ila toka tulivyoanza kuingia wodini nina daftari, nikirudi hosteli usiku naandika yale mambo ya wagonjwa ambayo kwenye faili hayana pa kukaa. Mzee anayemtaja mtoto wake aliyekufa maji kila akichomwa sindano. Mama aliyeniomba nimshikie simu asikie mwanae wa darasa la pili anavyosoma kitabu. Vitu hivyo.

Sasa kulikuwa na bibi mmoja, tatizo lake moyo, hausukumi damu vizuri, miguu imejaa maji ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikapangiwa mimi kuchukua historia yake. Muda wote alikuwa anajifunika kanga miguuni, na kila raundi ikija mtu anaivuta tu ile kanga tunaanza kubonyeza, mmoja mmoja, siku ya kwanza tulikuwa 12 na wote 12 tulibonyeza, yeye anaangalia ukutani. Siku ile sikuona tatizo Shangazi, nilibonyeza na mimi.

Jioni nikarudi kwasababu fomu yangu haikuisha, nikakaa naye tukapiga stori, akaniambia kitu ambacho hakumwambia mtu. Dawa yake ya kutoa maji anaijua vizuri sana, anajua mpaka saa ya kumeza. Ila hamezi siku akitoka. Kwake mpaka mjini ni daladala mbili na foleni, na ile dawa ukishaimeza haichukui muda mkojo unakubana, siku moja ulimtoka ndani ya gari, watu wakaona, konda akamsemea maneno. Toka siku hiyo akiwa na safari hamezi, na safari zake ni karibu kila siku kwasababu ana biashara yake ndogo. Alinisimulia huku ameshika ncha ya kanga anaizungusha kidoleni. Kwenye faili imeandikwa hatumii dawa ipasavyo.

Kesho yake kwenye raundi nikaprizenti. Presha, mapigo, vipimo vyote nikasema, nilipofika kwenye dawa nikaanza "kuna siku alipanda daladala..." daktari bingwa akanikata, kwa Kiingereza, kwamba hatujaja kusikiliza hadithi hapa, nipe ulichokiona. Watu wakacheka. Nikanyamaza. Bibi Kiingereza hajui, alikuwa ananiangalia mimi tu. Raundi ilivyohamia kitanda cha pili akanivuta koti, "mjukuu wangu, wamesemaje?" na mimi nikashindwa kumwambia, nusu aibu na nusu kwasababu kweli yale maneno yote nilikuwa nayajua kwa Kiingereza tu. Nikamwambia utapona bibi.

Akaruhusiwa na dozi ile ile saa ile ile. Baada ya wiki tatu akarudi amevimba mpaka tumbo, siku ya pili akafariki.

Nikaandika shairi. Mwenzangu mmoja akalikuta daftari mezani akapiga picha ukurasa akautupia kwenye grupu la WhatsApp la darasa, anasema alikuwa na nia nzuri, ikamfikia mwalimu mmoja. Nikaitwa. Nikaambiwa mambo mawili, kwamba nimetoa siri ya mgonjwa, na kwamba daktari wa kulialia hafai, nikitaka sanaa nihame kitivo. Na nilikuwa nimeshaomba Ijumaa tuwe tunakutana wanafunzi wachache tunasoma hadithi na mashairi tunajadili, nikajibiwa hiyo iko kwenye mtihani? Wenzangu wanasema nikiendelea hivi nitajaza masapu, mitihani ya kurudia, mpaka nidisko nifukuzwe chuo, na bumu, ile hela ya mkopo, halitoshi, baba anauza mpaka mbuzi nisome.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba toka nimeacha kuandika, miezi miwili sasa, siumii tena. Juzi amefariki mtoto wodini nikatoka hapo nikaenda kula chipsi. Na mimi saivi nawaita wagonjwa kwa namba za vitanda.

Nilichome hili daftari? Na nasikia huko nje vyuo vya udaktari vinafundisha mpaka fasihi na uchoraji, ni kweli au ni mambo ya wenye nafasi zao?

Mwenye daftari

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole ya bibi, na pole ya kile kicheko cha wenzio, najua sauti kama hiyo inavyokaa masikioni.

Kabla ya yote, barua yako nimeipunguza. Ulitaja mtaa wa bibi, umri wake, anachouza na soko lenyewe. Nimevitoa, huko mbele utaelewa kwa nini.

Nianze na bibi maana najua ndo anayekunyima usingizi. Moyo uliochoka namna ile unaweza kumwondoa mtu hata kama kila dozi ameimeza. Kwa hiyo sikwambii kwamba wewe ndo umemuua, si kweli. Ila pia sikwambii kwamba hukuwa na la kufanya, kwasababu nalo si kweli na usingeniamini. Ulikuwa na habari ambayo pale wodini hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na hakuna kipimo ambacho kingeitoa. Bingwa alikuuliza ulichokiona na wewe ulikuwa nacho, ila ulianza na "kuna siku alipanda daladala", naye akasikia hadithi. Ungesema hivi: "Mgonjwa anaruka dawa ya maji kila akiwa na safari, kwasababu mkojo ulishawahi kumtoka kwenye gari. Naomba tujadili aimeze saa ngapi." Basi, umemaliza. Ile dawa saa yake inasogezeka, wapo wagonjwa ambao daktari wao huwakubalia wakiwa na safari asubuhi waimeze wakisharudi nyumbani. Hilo ndo nataka ulishike kuliko yote nitakayosema leo, kwamba kisa cha bibi kilikuwa ni sehemu ya uchunguzi, kina haki ya kukaa pale pale kwenye presha na mapigo ya moyo, na aliyekipata ni yule yule mwandishi wa mashairi unayetaka kumchomea daftari. Kilichokosekana ni mazoezi ya kukitoa jioni kitandani na kukifikisha asubuhi kwenye raundi kikiwa kifupi na kimenyooka. Na hayo mazoezi yapo, watu wanafundishwa.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha utafiti wa madaktari wakiwa na wagonjwa wao, wakakuta mgonjwa akianza kueleza shida yake kwa wastani anakatizwa baada ya sekunde 18. Hebu hesabu, bibi yako kwa sekunde 18 angekuwa amefika wapi? Bado anatafuta neno la kuanzia, maana neno lenyewe ni mkojo na anayemsikiliza ni umri wa mjukuu wake.

Mimi nimefanya unesi miaka mingi kabla ya kuanza safu hii na nina la kwangu. Alikuja mama usiku na mtoto wa miaka miwili, homa kali, anakakamaa, macho yamepinduka. Malaria kali, sisi tumeshaona, tukasema haraka sindano. Nimegeuka kuandaa, kurudi kitanda kitupu, mama amembeba mtoto ametoroka. Tukamsema sana yule mama, mjinga, mkaidi, na mimi nilisema. Asubuhi mama mmoja wa usafi akaniambia nesi, pale si umemwambia sindano, na yeye anajua mwanae ana degedege, kwao mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo alimtorosha mwanae asife. Nilisimama pale na bilauri ya chai mkononi. Neno degedege nimezaliwa nalo mwanangu, mama yangu alikuwa analisema, lakini darasani nilifundishwa ugonjwa kwa jina lingine na lugha nyingine, ikawa kama si kitu kimoja. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika jambo hilo hilo, kwamba wazazi wengi degedege hawakuihesabu kuwa malaria, wakaanza kwa mganga, na hospitali wanafika wamechelewa. Dawa ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, mama, wewe unauitaje huu ugonjwa, na unaogopa nini?

Ndo maana nasema kwetu hapa mambo ya fasihi na sanaa kwenye udaktari yanaanza na lugha. Unafundishwa kwa Kiingereza, raundi Kiingereza, faili Kiingereza, mtihani Kiingereza, halafu mgonjwa anakwambia nasikia vichomi, moyo unanienda mbio, mwili mzito, kuna kitu kinatembea mgongoni. Kila neno hapo lina maana yake, na wewe mwenye sikio la ushairi ungekuwa wa kwanza kulisikia. Alivyokuuliza bibi "wamesemaje" ulikuwa unaulizwa swali gumu kuliko yote ya raundi ile. Liandikie jibu sasa hivi, ukurasa mmoja, moyo unaoshindwa kusukuma damu, kwa Kiswahili, kwa mtu aliyeuza sokoni maisha yake yote. Moyo ni kama pampu iliyochoka, maji hayapandi yanarudi chini miguuni. Andika, mpelekee mama yako kwa simu asikilize, asipoelewa andika tena.

Kuhusu kama haya ni mambo ya wenye nafasi zao, hata kwetu yapo. Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate, yule mwenye utendi maarufu wa kumuusia binti yake, aliutunga mwaka 1858 hivi akiwa mgonjwa. Najua shuleni mlifundishwa ule ni utendi wa wasia, wa mke na mume, sawa, ila nenda karudie mwanzo wake kama daktari. Anasema maradhi yamemshika mpaka yametimiza mwaka, na katika muda huo hajapata kutamka neno jema la kumwambia mwanae. Basi. Hasemi panauma wapi. Mwanafunzi wa udaktari akichukua historia pale angeandika "anaumwa, mwaka mmoja" akageuza karatasi, na kilichokuwa kinamuuma mgonjwa kingebaki kitandani, kwamba muda unaisha na hajasema na mtoto wake. Miaka michache baadaye akafariki. Huo ushairi umekaa pwani yetu miaka 160 na zaidi, na hatujawahi kumpa mwanafunzi wa udaktari akatuambia anamsikia mgonjwa gani humo.

Na Ibn Sina, tabibu maarufu wa Kiislamu aliyekufa mwaka 1037, alitunga shairi la tiba la beti zaidi ya 1,300 ili wanafunzi washike elimu kichwani. Kwa hiyo anayekwambia mashairi na udaktari havijawahi kukaa nyumba moja, mwambie kwa adabu kwamba vilikaa, tena muda mrefu.

Huko nje ni kweli unavyosikia. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuna daktari anaitwa Rita Charon, daktari wa magonjwa ya ndani kabisa, ambaye akiwa tayari kazini alirudi kusoma fasihi mpaka shahada ya uzamivu. Mwaka 1993 alianza kuwapa wanafunzi wake kazi ambayo naweza kuiita faili la pembeni. Anawaambia, kama unamhudumia mzee mwenye saratani ya tezi dume na babu yako alikufa kwa ugonjwa huo huo, kila ukiingia chumbani kwake unalia, hilo huwezi kuliandika kwenye faili la hospitali, ila lazima liandikwe mahali. Wanaandika kwa lugha ya kawaida, wanakutana kikundi kidogo, kila mtu anasoma chake kwa sauti na wenzake wanakisikiliza. Mwanangu, wewe ulilianzisha faili la pembeni bila kufundishwa na mtu.

Chuo Kikuu cha Yale, huko huko Marekani, nako daktari wa ngozi, Irwin Braverman, alikuwa anaona wanafunzi wanatazama upele ila hawaoni. Akashirikiana na Linda Friedlaender wa jumba la sanaa la chuo, wakawapeleka wanafunzi kwenye michoro, kila mtu mchoro mmoja, dakika zaidi ya kumi anautazama tu, halafu anaeleza alichokiona, haruhusiwi kusema maana kabla hajasema kilichopo. Mwaka 2001 wakachapisha matokeo, waliopitia zoezi lile walikuwa wanaona zaidi kwenye picha za wagonjwa kuliko ambao hawakupitia. Na hili halihitaji jumba la mamilioni. Kama uko Dar nenda Mwenge kwa wachonga vinyago, omba ruhusa, chagua kile cha Kimakonde cha watu waliobebana, kaa nacho robo saa. Hesabu mikono. Nani kambeba nani, nani uso wake umefichwa. Ukirudi wodini mtazame mgonjwa hivyo hivyo kabla hujamgusa, utaiona na kanga.

Na kama kuna mtu anadhani daktari mwenye kuandika analegea kazi, Margaret Ogola wa Kenya alikuwa daktari wa watoto, akaongoza nyumba ya yatima wenye virusi vya UKIMWI, na riwaya yake ya mwaka 1994 ikasomwa na mamia kwa maelfu ya wanafunzi wa sekondari kule. Watoto wale hawakupungukiwa daktari kwasababu alikuwa mwandishi.

Sasa nikugombeze kidogo. Yule mwalimu kwenye kulialia amekosea, ila kwenye siri ya mgonjwa amesema kweli. Shairi likiwa na mtaa, umri na biashara, jirani yake yeyote anamjua bibi ni nani na anajua mkojo ulimtoka kwenye daladala, yaani ile aibu aliyoikimbia mpaka ikamfanya aache dawa wewe umeitembeza kwenye grupu. Najua hukuituma wewe. Lakini daftari lililala mezani. Kuanzia leo jina usiandike, namba ya kitanda usiandike, badilisha ugonjwa, badilisha mji, mke afanye mume, daftari lifungiwe, na ukitaka kumsomea mtu nje ya kikundi muombe mgonjwa ruhusa akiwa hai na ana akili zake. Nenda kwa yule mwalimu ukamwambie hilo moja ulikosea. Kisha ukishakiri, mwambie na lile la dawa ya bibi, kwa sentensi mbili kama nilivyokuonesha. Anaweza akashtuka. Hata asiposhtuka atakuwa amelisikia.

Ijumaa yako usiombe iingie kwenye mtaala, huko kuna vikao vya miaka. Tafuta watu watano. Saa moja tu, baada ya vipindi, shairi moja fupi au kisa kimoja kilichofichwa vizuri, kwa Kiswahili. Wiki nyingine igizeni, mmoja bibi, mmoja bingwa, mmoja mwanafunzi, anayeigiza bibi alale kweli juu ya benchi na wenzake wamzunguke wamesimama wakiongea Kiingereza juu ya kichwa chake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akina Penina Muhando na Amandina Lihamba walipeleka maigizo vijijini toka miaka ya 1980, wanakijiji wenyewe wakaigiza shida zao na kuzijadili, kwa hiyo hamjaanza nyinyi. Mwalikeni nesi mmoja mzoefu. Na mtafute daktari mmoja anayefundisha ambaye bado anakaa kitandani kwa mgonjwa akiongea naye, kila hospitali ana mmoja, mnamjua. Halafu someni, jamani, pepa zenu mfaulu, mbuzi wa baba wasiende bure.

Lile la kutoumia ndo limenikalia kooni. Chuo cha udaktari cha Jefferson, Philadelphia, walichapisha mwaka 2009 utafiti waliowafuata wanafunzi toka wanaanza, huruma yao ilishikilia vizuri mpaka mwaka wao wa tatu, ule wa kuingia wodini, hapo ndo ikashuka. Kwa hiyo hujaharibika peke yako, na hujawa mtu mbaya. Umeziba mahali kwasababu palikuwa panavuja na hakuna aliyekuletea chombo. Ila ukiona hulali, huli, au unafikiria afadhali usingekuwepo, hapo usingoje Ijumaa wala usiniandikie mimi, nenda siku hiyo hiyo kwa daktari au mshauri wa chuo, ukamweleze kama mgonjwa anavyoeleza.

Daftari usichome. Anza na yule mtoto wa juzi, hata mistari minne.

Na Jumatatu kwenye raundi, atakuwepo mwingine amejifunika miguu. Kabla ya mkono wa mtu haujafika, wewe inama, msalimie, muulize, "Bibi, naweza kusogeza kanga?" Subiri mpaka ajibu. Uniandikie alisemaje.

Shangazi